Nyumba inayokua: namna ya kujenga kwa pesa za msimu, kwa mafunzo ya Balkrishna Doshi

Ukipita njia ya Chake kwenda Wete, hapa Pemba, utaziona nyumba zilizokwama kwenye lenta, ule mkanda wa zege wa juu ya milango na madirisha. Kuta za vyumba vitano au sita zimesimama, bati hakuna, chumbani umeota mpapai, na mwenye nyumba bado amepanga au anakaa kwa mama yake. Huyo si mvivu. Aliuza karafuu msimu mzuri, akaanzisha nyumba nzima kwa mkupuo, kisha msimu uliofuata mikarafuu ikapumzika. Mkarafuu hauzai sawasawa kila mwaka, kila Mpemba analijua hilo tangu utoto, lakini ramani tunazochorewa zinachorwa kama kwamba pesa itakuja kila mwezi.

Mimi ni mchora ramani, na nafundisha vijana ujenzi hapa Chake Chake. Wateja wangu wengi ni watu wa msimu: wa karafuu, wa mwani, au mama ambaye mtoto wake yuko Maskati na hutuma anapojaaliwa. Namna ya kuwachorea watu hawa nimejifunza kwa mtu ambaye sikupata kumuona, Balkrishna Doshi, msanifu majengo na mwalimu wa Kihindi. Alizaliwa Pune tarehe 26 Agosti 1927, akafariki Ahmedabad tarehe 24 Januari 2023. Mwaka 2018 alipewa tuzo ya Pritzker, tuzo kubwa kabisa ya usanifu majengo, na alikuwa Mhindi wa kwanza kuipata. Mwaka 2022 wasanifu wa Uingereza nao wakampa medali yao ya dhahabu.

Kwangu mimi kazi yake kubwa kuliko zote ni mtaa mmoja ulioko mji wa Indore, uitwao Aranya, uliokamilika mwaka 1989. Mamlaka ya mji ilitaka makaazi ya watu wa kipato cha chini. Doshi na wenzake hawakuwajengea majumba marefu. Waligawa viwanja, kidogo kabisa kikiwa na mita za mraba 35, na yule maskini wa mwisho akapewa msingi ulioinuliwa, choo, bomba la maji na chumba kimoja. Kilichobaki akijenge mwenyewe, kwa kasi yake na kwa pesa zake. Ili watu waone inavyowezekana, walijenga nyumba 60 za mfano. Mtaa ule ulipangwa kubeba watu zaidi ya 80,000, na mwaka 1995 ukapata Tuzo ya Aga Khan ya usanifu majengo.

Hebu fikiria: mtu aliyekaa Paris na msanifu mashuhuri Le Corbusier kuanzia 1951 hadi 1954, tena mwanzo bila mshahara, akarudi Ahmedabad kusimamia majengo ya bwana yule, kisha akashirikiana na Louis Kahn, msanifu mashuhuri wa Marekani, katika chuo kikubwa cha uongozi cha pale pale Ahmedabad. Mtu wa namna hiyo akakaa chini akachora choo na msingi wa mtu asiye na kitu, na akakiona kitu hicho ni kazi kamili ya usanifu. Mwaka 1954 alijiapia kwamba umri wake wote atakumbuka kuwapatia watu wa chini makaazi ya heshima. Alitimiza.

Haya ninayoyaandika hapa ni namna ninavyoipeleka hekima ile kwenye kiwanja cha Pemba.

Kabla ya ramani, wahesabu watu na kazi zao

Mteja akiingia ofisini huanza kuniambia idadi ya vyumba. Mimi humwomba asubiri kidogo. Aniambie kwanza nani atalala humo mwaka huu, na nani atakuja. Bibi mzaa mama atahamia lini? Kijana wa kiume akioa, ataanzia hapo au atakwenda kwake? Kuna anayeshona? Kuna anayepika maandazi ya kuuza alfajiri? Karafuu zinachambuliwa wapi usiku?

Swali hili la karafuu ndilo linalosahauliwa kuliko yote, na mimi hulishikilia. Familia yenye mikarafuu inahitaji uwanja wa kuanika wenye jua kuanzia asubuhi hadi alasiri, karibu na mlango, ili wingu likitanda majamvi yakunjwe haraka. Inahitaji pia pahala pakavu pa watu saba au wanane kukaa chini wakitenganisha karafuu na makonyo, yaani vijiti vyake, baada ya isha. Ukichora nyumba iliyoenea kiwanja chote, karafuu zitaanikwa pembezoni mwa barabara, kwenye vumbi na mbuzi. Nimeona ramani nzuri za kigeni zenye sebule mbili na hakuna hata hatua kumi za ardhi ya kutandika jamvi.

Doshi hakuanza Aranya kwa kuchora. Timu yake ilikwenda kwenye mitaa duni ya Indore kutazama watu wanavyoishi: wanakaa wapi jioni, kazi gani zinafanyika mlangoni, duka linaanzaje dirishani. Yeye mwenyewe alikulia katika ukoo mkubwa wa mafundi wa samani, babu na wajukuu chini ya paa moja, kwa hiyo alijua nyumba hujaa na kupungua.

Wanafunzi wangu, kazi yangu ya kwanza kwao ni kupima nyumba ya bibi. Kila mmoja anaondoka na futi ya kuvuta, daftari na penseli, anakwenda kwa bibi yake, Konde au Kengeja au popote alipo, anapima kila kitu: upana wa baraza, kimo cha kizingiti, ukumbi, uani, umbali wa jiko na choo. Kisha anaandika nani amekaa wapi saa ngapi. Nakushauri na wewe ufanye hivyo kabla hujalipa mtu akuchoree. Nyumba ya bibi yako ina baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba pande mbili, na ua nyuma wenye jiko na choo. Nyumba ile ilijengwa kidogo kidogo, na haikukwama kwenye lenta.

Chora nyumba nzima, kisha ikate

Watu wengi wanadhani kujenga kidogo kidogo ni kutochora, unaongeza chumba popote moyo unapokutuma. Hapo ndipo nyumba inapokuwa na chumba kisicho na dirisha, na bati linalovuja kila panapoungana. Chora nyumba ya mwisho kabisa, yote, na ramani hiyo ndiyo uipeleke kwa ajili ya kibali. Sheha wako na Baraza la Mji, au halmashauri ya wilaya yako, wajue kiwanja kitakuwa nini mwisho wa yote. Kisha chukua kalamu nyekundu uikate ramani vipande.

Kanuni yangu ni moja: kila kipande kikimalizika, watu wahamie na mlango ufungwe. Kisiwepo kipande cha msingi peke yake, kingine cha kuta peke yake, kingine cha bati peke yake. Mtu anayejenga kwa matabaka hivyo anasubiri misimu mingi kabla hajalala kwake hata usiku mmoja, na wakati huo analipa kodi ya nyumba kwa pesa ambazo zingenunua saruji.

Kipande cha kwanza ninachopendekeza: chumba kimoja cha futi 12 kwa 12, choo na bafu uani, banda la jiko, na baraza. Cha pili: ukumbi na chumba cha pili. Cha tatu: vyumba viwili vinavyobaki na jiko la kudumu. Yapo maisha ya namna nyengine, lakini mpangilio huu unawafaa wengi.

Ukishakata, nenda kiwanjani na mambo (vigingi), kamba na majivu. Weka mambo kwenye pembe zote za nyumba ya mwisho, si za kipande cha kwanza tu, kisha mwaga majivu kwenye mistari. Waite watakaoishi humo watembee ndani yake. Mama asimame anapopikia, atazame kama moshi utaingia chumbani upepo wa kusi ukivuma. Mambo ya pembe za mwisho yabadilishe uweke vipande vya nondo vilivyomiminiwa zege, vibaki ardhini. Miaka sita baadae fundi mwengine atakuja, na hivyo ndivyo atakavyojua nyumba inaelekea wapi.

Yaliyo chini ya ardhi yasiwe ya kubahatisha

Aranya ilianza na choo na maji, na mimi sina mjadala na mtu kuhusu hili. Chumba unaweza kukiongeza wakati wowote. Karo, yaani shimo la maji machafu, likikaa pabaya, nyumba nzima itaishi na kosa hilo.

Karo liwe mita 30 au zaidi kutoka kisima chochote, chako na cha jirani, na liwe upande wa chini wa mteremko. Pemba ni vilima na mabonde, maji hayakai ulipoyaacha. Liwe pia pahala ambapo gari la kunyonya maji machafu linafika bila ya kuvunja ukuta wa ua. Ukubwa wake uhesabu watu wa nyumba ya mwisho, maana kulipanua karo lenye watu ni kazi ya tabu na ghali. Weka paipu ya inchi 4 kutoka kila choo cha baadae hadi kwenye chemba (kishimo cha ukaguzi chenye kifuniko), na mdomo wa paipu uzibe kwa kifuniko na saruji kidogo. Hiyo ni pesa ndogo sasa, na itakuepusha kupasua sakafu kesho.

Kule Indore kila nyumba 20 zilitumia karo moja la pamoja. Hapa kwetu fikra hii inafaa mno kwenye viwanja vya urithi. Ndugu wanne wamegawana shamba la baba, kila mmoja anataka kuchimba karo lake kwenye kipande chake chembamba, mwisho visima vyote vimezungukwa. Kaeni chini mapema, mchimbe moja kubwa, pahala pamoja, muandikiane nani anachangia nini. Ndugu wakielewana siku ya karo wataelewana siku ya ukuta.

Sasa msingi. Kama kiwanja chako ni tambarare na udongo ni wa kichanga, jenga msingi wa kipande cha kwanza tu, na pale utakapoendelea acha meno kwenye tofali ili kozi (safu za tofali) mpya zishikane na za zamani. Kama udongo ni mfinyanzi, ule unaovimba masika na kupasuka kiangazi, au kiwanja kina mteremko mkali, usikate msingi vipande. Jenga wote kwa mara moja hata kama itakubidi chumba cha kwanza kiwe kidogo zaidi. Msingi wa zamani umeshatulia, mpya bado unakaa, na ukuta uliopo katikati yao ndio utakaopasuka. Msingi unaosubiri ufunike juu kwa tabaka la saruji ili mvua isiingie kwenye tofali, na ndani jaza kifusi ukishindilie, usiache mashimo ya kukusanya maji na mbu.

Kimo cha sakafu kiwe inchi 18 kutoka ardhini, na zaidi kwa walio bondeni. Mvua za Pemba hazina adabu, hasa kati ya Machi na Mei.

Paa, na pale linapoungana

Hapa ndipo ninapotaka uwe makini kabisa, kwa sababu nyumba nyingi zinazokua huharibika paani.

Mgongo wa paa uelekee upande nyumba itakakokua. Nyumba ikikua kuelekea magharibi, mgongo nao uende mashariki-magharibi, ili kipande kipya kiwe ni kuongeza kenchi (fremu ya mbao inayobeba paa) nyengine kwenye mstari ule ule. Ukiuweka mgongo kinyume, kipande cha pili kitakutana na cha kwanza kwa bonde, na bonde la bati ni pahala pa majani, maji na kutu. Bahati nzuri mwelekeo huu unatufaa hata kwa jua. Sisi tuko karibu na mstari wa ikweta, jua linalotuumiza ni la asubuhi na la alasiri, kwa hiyo kuta fupi zikae mashariki na magharibi, na kuta ndefu zenye madirisha zitazame kaskazini na kusini. Kaskazi ikivuma inaingia, kusi ikivuma inaingia.

Upande unaosubiri, ujenge ukuta wa pembetatu hadi juu, kamili, uupige plasta. Huu leo ni ukuta wa nje, kesho utakuwa wa ndani. Papi, mbao zinazopigiliwa bati, zipitishe zitokeze nje ya ukuta huo futi 2, na bati lifuate. Kwa sasa zinaukinga ukuta na mvua, na siku ya kuendelea fundi anaunganisha papi mpya ubavuni mwa zile zilizotokeza, hahitaji kufumua kitu. Bati la mwisho upande huo lipigwe misumari michache, na bati jipya lilaliane nalo migongo miwili. Kofia ya mgongo iache kipande kirefu kidogo.

Lenta nayo iachie nondo zitokeze futi 2 kwa nondo ya milimita 12. Nondo hizi ndizo zinazoharibika bila ya watu kuona, kwa chumvi ya bahari na mvua. Zipake uji mzito wa saruji, zikikauka zipake tena, kisha zifungie plastiki na kamba. Kila mwaka kabla ya masika mtu apande ngazi azitazame. Nondo ikishaanza kumeguka magamba, kata, usiifungie mpya ukajidanganya.

Unataka ghorofa siku moja? Amua leo. Msingi na nguzo za ghorofa lazima zihesabiwe na mhandisi tangu kipande cha kwanza, na mimi siwachorei watu ghorofa ya kupachika juu ya msingi wa chumba. Doshi alijenga Ahmedabad mtaa wa wafanyakazi wa bima uliokamilika mwaka 1973, ambako familia zimepangwa juu ya nyengine, nyumba kubwa ikiwa chini na ndogo juu, na kila moja ina nafasi yake ya wazi. Miaka ilivyopita wenyewe walifunga roshani, wakaongeza vyumba, wakabadilisha ngazi na madirisha. Wasanifu wengi wangekasirika kuona michoro yao imefanywa hivyo. Yeye alifurahi, kwani nafasi ile aliiacha kwa makusudi. Neno muhimu hapo ni makusudi: nguzo na ngazi zilikuwa tayari kubeba mabadiliko.

Baraza na ua visisubiri mwisho

Watu wakibanwa na pesa, baraza ndiyo ya kwanza kufutwa. Nawaomba msiifute. Ni tofali chache na mifuko michache ya saruji, na familia yenye chumba kimoja inapata chumba cha pili kisichokuwa na kuta. Wanaume watakaa hapo baada ya magharibi, watoto watasomea hapo juzuu zao, mgeni hatakaribishwa juu ya kitanda. Kimo inchi 18, upana futi 2 na nusu ili mtu mzima ajinyooshe, na paa litokeze futi 3 ili mvua isiipige.

Gujarati, jimbo la Ahmedabad, nako nyumba zina kibaraza mbele kama chetu, na Doshi alikipa nafasi yake Aranya. Sishangai. Baina ya pwani ile na yetu majahazi yamepishana karne nyingi kwa pepo za kaskazi na kusi. Tembea Mji Mkongwe wa Unguja utaona milango na roshani zenye mkono wa mafundi wa Kigujarati, na pale Mizingani lipo jengo la dispensari la Tharia Topan, tajiri wa Kihindi, roshani zake zimechongwa kama kanga ya harusi. Kwa hiyo ninapomleta mwalimu kutoka Ahmedabad kiwanjani Wawi, siwaletei watu mgeni.

Ua uwekee mpaka tangu mwanzo, hata kwa makuti. Aranya nyumba kumi kumi zilikaa pamoja, kila moja na ua wake nyuma, na zote zikifunguka kwenye njia moja mbele. Mwanamke anapata sitara yake nyuma, na mtaa unapata uhai wake mbele. Kwetu hili liko damuni, lakini naona nyumba mpya zimezungushiwa ukuta wa futi 8 pande zote, geti la chuma, na mtoto hamjui jirani. Huo ukuta wa mbele ni pesa ya chumba kizima.

Pale tusipomfuata

Ofisi ya Doshi mwenyewe, Sangath, ya mwaka 1980, imezama nusu ardhini. Mapaa yake ni ya mviringo, yamefunikwa kwa vipande vya vigae vyeupe vilivyovunjika vinavyorudisha jua, na maji ya mvua hutiririka juu yake hadi kwenye vijito na bwawa la bustanini. Picha zake ni nzuri mno, na vijana wangu kila mwaka hutaka kuchora nyumba kama ile.

Nawakatalia. Ahmedabad joto lake kwa sehemu kubwa ya mwaka ni kavu, na ardhi huwapa ubaridi. Hapa joto letu limejaa unyevu. Nyumba iliyozama itaota ukungu hadi kwenye nguo sandukuni, na masika itaingia maji. Sisi tunainua sakafu, tunaezeka paa la mteremko, na tunaacha upepo upite moja kwa moja: dirisha na dirisha zitazamane, juu ya milango pawe na matofali ya matundu, na chini ya bati pawe na dari yenye nafasi ya hewa. Vigae vilivyovunjika chukua kama unamimina paa la zege bapa juu ya jiko au choo, hapo vitafaa sana na hupatikana kwa bei ndogo madukani. Bati liwe la rangi ya kufifia. Rangi ya ukuta nyeupe, basi.

Kumheshimu mwalimu ni kuuliza alichouliza yeye. Hata yeye hakuendelea kujenga kama Le Corbusier baada ya kurudi kwao. Alilitazama jua la Gujarati na watu wake, akabadilika.

Fundi, na kijana wa kumfuata fundi

Nyumba ya misimu mingi itapitia mikono ya mafundi wengi. Ndiyo maana ni lazima ifundishike.

Mwaka 1962 Doshi alianzisha skuli ya usanifu majengo Ahmedabad na akaiongoza miaka kumi, kisha akaanzisha skuli ya mipango miji mwaka 1972. Leo ni chuo kikuu, CEPT. Jengo lake alilichora mwenyewe, la matofali na zege bila ya plasta. Chini kumeachwa wazi watu wapite na wakae kivulini, na vyumba vya kuchorea vinapokea mwanga wa kaskazini. Alitaka mwanafunzi, mwalimu na mpita njia wakutane. Mimi sina jengo la namna hiyo, lakini nafundishia saiti, na mteja namuomba ruhusa mapema kwamba wanafunzi watakuwepo.

Wewe fanya hivi: katika kila kipande cha ujenzi awepo kijana mmoja wa familia, wa kike au wa kiume, anayekaa na fundi kutoka mwanzo hadi mwisho. Asiwe wa kubeba maji tu. Fundi amuoneshe namna ya kutumia pimamaji, namna ya kupima pembe kwa kamba ya 3, 4 na 5, na uwiano wa zege la sakafu, saruji moja kwa mchanga mbili kwa kokoto nne. Miongoni mwa wasichana niliowafundisha wapo walioanzia hivi nyumbani kwao, na leo fundi hawezi kuwapunja kozi moja.

Kijana huyo ndiye mtunza bahasha. Ndani yake iwemo ramani nzima yenye mistari myekundu, kibali, karatasi ya vipimo vya msingi na nondo, na picha. Picha zipigwe kabla ya kufukia: paipu za choo na futi ya kuvuta ikiwa imelazwa pembeni, nondo za lenta kabla ya zege, chemba ikiwa wazi. Simu hupotea, kwa hiyo picha zichapishwe, na nyuma ya kila moja iandikwe tarehe na upande.

Msimu ukikaribia

Karafuu zikianza kuonekana vizuri mitini, usisubiri pesa iingie ndipo ufikiri. Toa bahasha, mwite fundi, mtazame nondo zilizotokeza, meno ya tofali, papi, na mdomo wa paipu iliyozibwa. Andika kipande kinachofuata na bei ya vitu siku ile ile, maana mchanga siku hizi ni ghali na bei yake haitulii. Pesa ikifika isitoshe kwa kipande kizima, ukate tena: ukumbi bila ya chumba, lakini ukumbi wenye bati na mlango.

Tofali uzifyatue mapema, kivulini, uzimwagie maji asubuhi na jioni kwa siku 7, na uzipange juu ya mbao zisiguse udongo. Zege la lenta nalo siku 7 za maji, na mbao za chini usizing'oe kwa haraka ya fundi anayetaka kwenda saiti nyengine. Bati lipande kabla ya masika. Likiwa halijapanda na mawingu yameshakusanyika upande wa Wete, funika vichwa vya kuta kwa saruji na plastiki, weka zana ndani ya chumba cha kwanza, na kazi iendelee mvua ikipungua.